Gitaa la Eric Halinyamazi

Mimi simpendi mtu anayeniletea gitaa akiwa tayari ameamua ugonjwa wake. Na wako wengi. Anaingia dukani, hata hajasalimu vizuri, anakwambia fundi badilisha nyuzi, hizi zimezeeka. Mwingine anasema fundi, tatizo ni spika. Huwa nawaambia, kama unajua ugonjwa basi tibu mwenyewe, mimi nitakaa hapa ninywe chai. Pam, mke wangu, ambaye ana duka la vitambaa mlango wa pili, husema ipo siku ulimi huu utatulaza njaa. Haujatulaza bado. Hapa Kisii mjini ukitaka gitaa la umeme litulie, utapanda ngazi zangu tu, upende usipende, utamkuta Jeconia Odoyo na mdomo wake.

Siku aliyokuja Nyaboke nilikuwa na tupa mkononi na sikuwa na hamu ya mtu. Alikuwa binti mrefu, mwalimu wa shule ya msingi kule Nyamarambe, amebeba gitaa limefungwa kwa shuka. Si mfuko wa gitaa, ni shuka la kitandani, na limefungwa fundo juu ya fundo. Aliliweka mezani, akarudi nyuma akasimama karibu na mlango kama mtu aliyeleta mbwa asiyemwamini. Nikamuuliza lina nini. Akasema linanguruma. Nikamuuliza linanguruma likipigwa wapi, uzi gani, huku juu au kule chini.

"Likiwa halijapigwa," akasema.

Maneno yangu ya kawaida yalikuwa yamefika kwenye meno. Lakini nilimtazama usoni, nikaona ni mtu ambaye hajalala vizuri kwa muda mrefu. Nikayameza. Nikamsogezea kiti nikamwambia, mwanangu, kaa, anza mwanzo.

Gitaa lilikuwa la kaka yake, Eric. Eric alipigwa na radi akitoka shambani kuchuma majani chai, kikapu kikiwa bado mgongoni. Mgeni atashangaa, lakini sisi tunaoishi upande huu hatushangai sana, kila msimu wa mvua radi huchukua mtu. Alizikwa nyumbani kwao Magwagwa, kando ya boma, kwa kuwa hakuwa ameoa. Nyumba yake ndogo ya mabati, ile Wakisii wanayoiita esaiga, nyumba ya kijana, ikafungwa na vitu vyake vyote ndani. Gitaa liliachwa likining'inia ukutani kwenye msumari wake.

Baada ya mazishi, baba yao, Mzee Manasseh Ombati, alitoka jioni akaenda kukaa mahali pake pa siku zote, kwenye kigoda nje ya nyumba ya Eric, akaegemea ukuta. Akasema neno. Nyaboke hakumbuki neno gani, pengine mzee alikuwa anaomba maji tu. Ndani ya ile nyumba iliyofungwa gitaa likanguruma. Mzee akanyamaza, nalo likanyamaza. Akamwita mkewe, likanguruma tena. Nyaboke alisikia, mama yake alisikia, na majirani waliokuwa wakiosha sufuria za matanga walisikia wakaziacha hapo hapo kwenye nyasi wakaenda kwao.

Tangu jioni ile Mzee Manasseh hakusema neno tena. Akitaka chakula anaonyesha kwa kidole. Wazee wa kanisa wakija anawapa mkono, anawasikiliza, anawasindikiza mpaka njiani, yote mdomo ukiwa umefungwa. Na huyu ndiye aliyekuwa besi ya kwaya, mtu ambaye akiimba viti vinatetemeka. Siku ya ibada anasimama na wenzake mstari wa nyuma, midomo imebana. Walimpeleka kliniki, daktari akatazama koo akasema koo ni zima. Mzee anakonda tu. Kila wiki mkanda unaingia tundu lingine.

Watu wakaanza kusema. Baba mdogo wa Nyaboke akasema hizo ni ebirecha, roho za wafu, Eric amekufa vibaya na kuna kitu anakitaka, gitaa lichomwe. Wakaja na mafuta ya taa. Mzee Manasseh akasimama mlangoni pa esaiga, akatandaza mikono kuwazuia. Basi likawa gitaa lisiloweza kuchomwa wala kuachwa. Ndipo Nyaboke alipomwambia baba yake kwamba ataleta gitaa mjini kwa fundi, litolewe hiyo kelele. Mzee alimtazama kwa muda mrefu, halafu akainamisha kichwa. Nyaboke akachukua hiyo kuwa ndiyo.

"Fundi, mimi sitaki kujua ni kitu gani," akaniambia. "Nataka baba aongee. Mama anasema akiendelea hivi, tutamzika kando ya Eric."

Sasa mimi si mchungaji wala mganga. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba gitaa linalonguruma lina sababu, na sababu hukaa kwenye mbao, kwenye chuma au kwenye uzi, hakuna mahali pa nne. Nilisema kwa sauti kubwa zaidi ya ilivyohitajika. Nikafungua mafundo ya lile shuka.

Lilikuwa gitaa zuri, jekundu, limechakaa pale mkono unapolala. Kwanza nilichomeka waya kwenye spika, maana kuna mngurumo wa umeme na kuna mngurumo wa uzi, na mjinga huichanganya. Umeme ulikuwa safi. Nikachomoa. Nikapiga uzi mmoja mmoja, nikibana kwenye kila freti, vile vyuma vyembamba vilivyopangwa kwenye shingo. Mngurumo ukinikuta mahali pamoja, najua freti moja imeinuka. Ukiwa pale tu ambapo uzi haujabanwa, natazama kile kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi karibu na kichwa, pengine kimechimbika. Huu ulikuwa kila mahali. Nyuzi nene zilikuwa zinapiga chuma kuanzia juu mpaka chini, zrrr, zrrr, hakuna noti iliyosalimika.

Ukiwa kila mahali, shingo ndiyo ya kushukiwa. Nikabana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, nikainamisha kichwa nitazame katikati. Pale panatakiwa pawe na nafasi ndogo, unene wa karatasi ngumu hivi, ili uzi upate mahali pa kuchezea. Hapakuwa na nafasi. Uzi ulikuwa umelala juu ya vyuma. Fundi wa haraka angechukua spana akalegeze ule ufito wa chuma uliomo ndani ya shingo. Mimi sikugusa. Shingo huvutwa mbele na nyuzi, na nyuzi zikilegea, shingo hurudi nyuma. Nikachukua simu nipime sauti za nyuzi.

Zilikuwa chini. Chini sana. Na jambo lililonifanya nivue miwani niifute ni kwamba zote zilikuwa zimeshuka sawasawa. Gitaa lililosahauliwa ukutani hulegea ovyo, uzi huu sana, ule kidogo. Hili lilikuwa limeshushwa na mkono wa mtu, uzi kwa uzi. Tena nyuzi zenyewe zilikuwa nene kuliko zinazouzwa pamoja na gitaa, mtu alizitafuta makusudi ili zistahimili kushushwa hivyo. Nikamuuliza Nyaboke kama kaka yake alikuwa hajui kupima nyuzi. Akaudhika kidogo. Akasema Eric alijua kuliko wote waliopiga kanisani. Alipenda lingurume, akasema. Babu yao alikuwa mpigaji wa obokano, lile zeze kubwa la Kikisii lenye sauti nzito, nalo hunguruma. Eric alikuwa akisema gitaa lisilonguruma linaongea Kizungu.

Mimi ni Mjaluo, mtu wa ziwani. Sisi tunataka uzi ulie wazi, kila noti isimame peke yake. Lakini nililinyamazia hilo. Nikamuuliza kama ana sauti ya baba yake kwenye simu. Alikuwa nayo, video ya kwaya yao ikiimba kwenye harusi moja kule Ekerenyo. Nikaiunganisha simu na spika kubwa, nikaliacha gitaa limelala mezani, nikakaa mbali nalo.

Sauti za wanawake ziliingia, gitaa kimya. Wanaume wa sauti ya juu wakaingia, kimya. Halafu ikaja besi, sauti moja nzito inayotoka chini ya zote, na uzi wa tano ukaanza kutetemeka. Niliuona kwa macho yangu. Ulitetemeka mpaka ukawa kama nyuzi mbili, ukaanza kunguruma, zrrr, hakuna mkono karibu. Besi ikanyamaza, uzi ukanyamaza. Besi ikarudi, nao ukarudi. Nyaboke alikuwa ameshatoka nje, nilimsikia kwenye ngazi.

Mimi ni mtu mzima na maelezo ya jambo hilo ninayo. Uzi ukipimwa kwenye sauti fulani, ukiimba sauti hiyo karibu nao, utaamka. Nimewaeleza wateja mara nyingi, hata nimewaonyesha. Lakini nywele za mikono yangu siku ile hazikutaka maelezo. Kilichonishika si kwamba uzi uliitika, ni kwamba haukumwitikia mtu mwingine yeyote katika kwaya nzima. Nilikaa pale nikiwa naogopa kabisa, nikizitazama nyuzi, mpaka wimbo ukaisha.

Basi nikafanya kazi niliyoombwa. Nikazipandisha nyuzi zote mpaka kipimo cha kawaida, pole pole, nikiiacha shingo izoee. Shingo ikavutika, ile nafasi ya katikati ikarudi, na mngurumo karibu wote ukaondoka bila mimi kugusa spana. Ulibaki mmoja, freti ya tisa. Niliweka rula fupi ya chuma juu ya freti tatu nikaitikisa, ikacheza pale kati, maana yake freti hiyo imeinuka ubavuni. Nikaibana na gundi, nikaiacha ishike, nikafunika mbao kwa selotepu nikasugua chuma kwa tupa laini mpaka rula haichezi. Nikarekebisha kimo cha nyuzi kwenye daraja, kile chuma kinachozibeba upande wa chini. Nikapiga juu mpaka chini, kila noti safi. Nikaiwasha ile video tena, sauti mpaka mwisho. Gitaa kimya.

Nyaboke alikuwa amerudi kusimama mlangoni. Alifunika uso akalia kilio cha mtu aliyetua mzigo. Pam alikuwa ameshakuja kuona ni kwaya gani hiyo inayopasua kuta za watu. Akasikiliza habari yote, akaniuliza kwa Kijaluo kama mzee mwenyewe alisema anataka linyamaze. Nikamwambia mzee haongei, ndiyo shida yenyewe. Pam akasema kuuliza si ujinga. Nikamwambia aende akauze vitambaa.

Kazi kama hii mimi huimalizia pale kitu kinapokaa, na isitoshe, Nyaboke alisema hakuna mtu kwao atakayethubutu kulitundika. Kwa hiyo tulikwenda wote Magwagwa. Tulifika mchana, mawingu yakiwa yameanza kupandana juu ya mashamba ya chai, kama kawaida ya kule. Habari ilikuwa imetutangulia. Baba mdogo alikuwepo, na majirani, wamesimama mbali kidogo wakijifanya wamekuja kwa shughuli nyingine. Mama yake Nyaboke, Mama Bathsheba, alinipokea vizuri akasema nile kwanza. Mzee Manasseh alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa mtu mkubwa aliyepungua, koti limebaki pana mabegani. Alilitazama lile shuka begani kwangu, halafu akanitazama mimi, na sikujua anachosema kwa macho yale.

Mama Bathsheba alifungua kufuli ya esaiga akaingia, nami nikaingia. Mzee akasimama nje, pale ukingo wa paa unapoishia. Nikamwambia, mzee, karibu, uone nikilitundika. Mama akanigusa mkono. Akanikumbusha mambo ya chinsoni, ile heshima yao kati ya wazazi na watoto waliokua. Baba haingii nyumba ya mwanawe wa kiume. Tangu Eric ahamie humo, mzee hajawahi kukanyaga ndani. Kwetu pia kuna mambo kama hayo, nilielewa. Nikauliza hata sasa.

"Hata sasa," akasema. "Kufa hakuondoi heshima."

Ndani kulikuwa na kitanda, neti iliyofungwa fundo, viatu vya kanisani, na ule msumari kwenye ukuta wa mabati. Nikamuuliza mama kwa nini mzee hukaa nje ya ukuta huu na si mwingine. Aliniambia bila kufikiri, kwa sababu kwao lilikuwa jambo la kila siku. Jioni Eric alikuwa akikaa hapa, mwisho wa kitanda, mgongo kwenye mabati. Baba yake anakaa kule nje, mgongo kwenye mabati hayo hayo. Mtoto anapiga, baba anaimba. Miaka yote hiyo hawakuwahi kukaa wakitazamana. Sauti ya gitaa ikiwa juu mno, mzee anasema ukutani, shusha, na Eric anashusha. Walikwenda hivyo mpaka gitaa likamfaa baba yake barabara. Nyaboke hakuyajua sana haya, akasema mama, alikuwa ameshaondoka kwenda chuoni, halafu Nyamarambe.

Hapo nikakumbuka swali la Pam. Nilikuwa na gitaa mkononi na nilitaka kutoka nikamuulize yule mzee swali moja. Lakini Nyaboke alikuwa ameshamfikia baba yake, ameshamshika mkono, anamweleza kwamba fundi amemaliza, kelele imekwisha, sasa anaweza kusema lolote. Majirani walikuwa wamesogea. Nikalitundika kwenye msumari.

Mzee alikaa kwenye kigoda chake. Nilisikia mabati yakilia kidogo mgongo wake ulipoyagusa. Nje watu wote walinyamaza, na mimi ndani nikasimama uso kwa uso na zile nyuzi. Kisha sauti ikaja, imekwaruza, ya mtu aliyesahau njia.

"Eric."

Nyuzi hazikutikisika. Nje mtu mmoja akasema Bwana asifiwe. Mzee akaita tena, kwa nguvu zaidi, kwa chini zaidi, na mabati yakatetemeka. Gitaa kimya. Sasa watu walikuwa wanapiga makofi, nilimsikia baba mdogo akimshukuru Mungu, na Mama Bathsheba akilia kwa furaha. Mzee amesema, mzee amesema. Nikatoka nje nikiwa natabasamu, siwezi kuficha, hata fundi hupenda kupigiwa makofi.

Ndipo nikamwona. Alikuwa amegeuka kwenye kigoda, kiganja kimelala juu ya mabati, vile unavyompima mtoto homa. Aliita mara ya tatu na jina likamkatikia katikati.

"Fundi," akaniambia, "umemfanya nini?"

Makofi yakaisha. Nikamwambia nimeondoa mngurumo, mzee. Nikamwambia niliambiwa unamwogopesha. Unakuogopesha, nikajisahihisha, maana ulimi wangu ulikuwa umeanza kukosea.

"Nani alikwambia naogopa?"

Nikamtazama Nyaboke, naye akamtazama mama yake, na mama akamtazama shemeji yake. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mtoto hamuulizi baba mambo ya moyoni, mke alimhurumia, na mdogo wake alikuwa na majibu tayari. Mzee Manasseh hakuondoa kiganja ukutani. Alisema pole pole, kwa Kiswahili, kwa ajili yangu.

"Siku ile aliponijibu, nilisema moyoni, nisimchoshe. Nikiongea kila saa atajibu kila saa, halafu ataisha. Basi nikanyamaza. Nilikuwa namweka akiba."

Nyaboke alipiga magoti mbele yake. Akamuuliza mbona hakusema, mbona hakuwaambia. Mzee akamwangalia kama mtu anayeulizwa jambo la kitoto. Akasema angewaambiaje, na kila neno lake lingemwamsha.

Nilihisi vibaya. Sina njia nyingine ya kulisema. Nimeharibu magitaa ujanani nikalipa, lakini hili sikuwa nimeliharibu, nilikuwa nimelitengeneza, kila noti safi, na mtu mzima amekaa mbele yangu analia kwa sauti ile ile nzito ambayo watu walikuwa wamepiga makofi kuisikia. Baba mdogo akaanza kusema kwamba ni afadhali, sasa wafu wapumzike na walio hai waendelee. Alikuwa na hotuba nzima. Nikamwambia, ndugu yangu, tafadhali nenda nyumbani. Akaniuliza mimi ni nani kwenye boma la watu. Nikamwambia mimi ndiye fundi na kazi bado haijaisha, na anayetaka kutazama kazi anyamaze kama alivyonyamaza mwenye boma. Majirani wakaondoka wenyewe, kwanza mmoja, kisha wote, kwa sababu pia radi ilikuwa imeanza kunguruma mbali, upande wa milimani, na pale hakuna mtu anayeisubiri tena nje.

Mzee hakuinuka. Mama Bathsheba alimwambia aingie jikoni, mvua inakuja, akatikisa kichwa.

Nikaingia esaiga peke yangu. Mimi si baba wa Eric, mimi ni mtu baki, nilikuwa na ruhusa. Nikalitoa gitaa msumarini, nikakaa mwisho wa kitanda, na kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine ya kukaa, mgongo wangu ukafika kwenye mabati. Nilikuwa na simu mfukoni. Vile vipimo vya kwanza nilivikumbuka vizuri. Lakini sauti niliyoisikia pale nje haikuwa tena ile ya video ya harusi. Mtu akinyamaza hivyo, akakonda hivyo, sauti huteremka. Kipimo cha simu kingemkosa.

Nikazungumza na ukuta. Nikasema, mzee, mimi siijui sauti yako ya sasa. Imba, nami nitaifuata. Ukinyamaza siwezi kuipata.

Radi ikanguruma tena, karibu kidogo, na nilimsikia Nyaboke nje akivuta pumzi. Nilidhani mzee ameondoka. Halafu wimbo ukaanza, sikuujua, wa kanisani kwa namna ulivyokwenda, na sauti haikunifikia masikioni kwanza. Ilinifikia mgongoni. Ilipita kwenye mabati ikaingia kwenye mbavu zangu, nami nikakaa pale kitandani kwa marehemu, mkono kwenye skrubu ya kukazia uzi wa tano.

Nikalegeza. Uzi ukashuka, ukalia vibaya, ukashuka tena. Ile nafasi niliyoihangaikia kwenye shingo nilijua inaondoka, na chuma kitapigwa, na kazi yangu yote nzuri inakwenda na maji. Nikaendelea. Mzee aliishika noti moja ya chini akaivuta, karibu bila kupumua, na chini ya vidole vyangu uzi ukaamka kidogo, ukasita. Zrr. Haujafika bado.

Akaacha kuimba. Akasema kitu ukutani, kwa lugha ya kwao, taratibu, bila machozi, sauti ya mtu aliyekaa jioni nyumbani kwake na mtu aliyemzoea. Kikisii changu ni cha sokoni tu, sikuyapata maneno yote. Nilielewa kwamba sauti bado iko juu, nishushe, na nilielewa jina aliloniitia.

Halikuwa langu. Mimi ambaye hujibu kila mtu, sikujibu. Nilishusha uzi kidogo kama alivyotaka, nikaegemea ukuta, nikangoja aanze tena.